Barakoa Nilizozitaka Mwenyewe

Jumatatu, 2 Juni

Ushindi! Leo nimempiga Profesa bao, tena la mapema.

Mambo yako hivi. Msimamizi wetu wa karakana ya ushonaji anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kiko dirishani, juu ya jukwaa dogo. Kina mto. Kinazunguka. Nimekata vitambaa chini ya kiti kile miaka ishirini na minne. Ishirini na minne! Sare za shule, makoti ya wauguzi, mapazia ya hoteli, vyote vimepita mikononi mwangu. Kila mtu ananiita Mkasi, hata bosi, hata mama mkwe. Kiti kile ni changu, kila mwenye akili analijua hilo.

Taabu ni Profesa. Mshona kola, mwanamke wa miwani yenye kamba, anayejua kila kitu na kukisema polepole. Mama Bosi anampenda. Tumebaki sisi wawili tu, na Ijumaa tunahojiwa mmoja mmoja.

Basi nikaumiza kichwa. Mafua makali yanazunguka mjini. Wiki iliyopita wenzetu wawili walilala kwao hoi. Nikapanda ofisini na barua yangu: wote kumi na saba tuvae barakoa, tangu kuingia hadi kutoka, tuzishone wenyewe kwa mabaki ya vitambaa. Atakayeishusha aandikwe kwenye daftari. Mama Bosi alifurahi mpaka akasimama. Akasema hivyo ndivyo msimamizi anavyofikiri. Hivyo ndivyo msimamizi! Nimeyaandika maneno hayo ndani ya mlango wa kabati langu.

Profesa alinifuata akaniuliza kama nimelifikiria vizuri jambo hili. Mara mbili aliniuliza, akinitazama kwa huruma. Huruma gani? Wivu mtupu.

Jumanne, 3 Juni

Barakoa zimeanza. Za bluu, safu mbili, nimezikata kwa mkono wangu. Zimetukaa vizuri.

Ila kuna jambo la ajabu. Barakoa zinakula sauti! Labda kitambaa ni kizito mno.

Nieleze. Hapa kwetu cherehani kumi na nne zinapiga kelele kutwa, kwa hiyo tuna desturi. Ukitaka kusema na mtu, unagonga meza yake mara mbili, unasimama mbele yake penye mwanga, ndipo unasema. Adabu nzuri sana, sijui aliianzisha nani. Leo mpiga pasi akaja, akagonga mara mbili, akasimama penye mwanga. Nikaona barakoa inapanda na kushuka. Hakuna kilichonifikia. Nikamwomba arudie. Ikapanda ikashuka tena. Kuomba mara ya tatu ni aibu kwa mtu anayetarajia kiti, kwa hiyo nikatikisa kichwa kwa hekima, kama mtu aliyekubali baada ya kupima.

Saa nane akabeba mkoba akaenda zake. Kumbe alikuwa anaomba ruhusa! Msimamizi yuko likizo anamalizia siku zake, na kutoa ruhusa nimeachiwa mimi. Nikatikisa kichwa tena mara mbili kwa watu wengine wawili. Saa tisa cherehani mbili zilikuwa kimya, na pasi imepoa.

Nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba siku hizi watu wamejifunza kumumunya maneno. Akasema watu hawamumunyi, ni masikio yangu, ameniambia mwaka wa ngapi huu, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia mbona yeye namsikia vizuri tu? Akageuka, akanipa mgongo, akaosha vyombo kwa muda. Kisha akanigeukia akaniuliza amesema nini sasa hivi. Nikamjibu kwamba mwanamume mwenye busara hajibu kila kitu.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi foleni ya watu watano mbele ya meza yangu. Habari zimeenea kwamba Mkasi hakatai. Nikakaa na mikono kifuani, sikutikisa chochote. Shingo imeniuma.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na kitambaa nilichokikata mwenyewe. Nikawaza: hakuna binadamu anayekula karanga na barakoa usoni. Nikaleta kopo kubwa la karanga za kukaanga, nikaliweka mezani. Anayekuja, namkaribisha. Anashusha barakoa, anachota, anasema. Lo! Maneno yote nikayapata! Mshona mifuko, mfunga vifungo, hata dereva wa mizigo ambaye huwa hafungui mdomo vizuri. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote waliowahi kushika mkasi.

Kumbe kopo la karanga halina siri. Kufika saa tano karakana nzima ilikuwa mezani kwangu, wengine hawana hata la kusema, wanatafuna tu. Maganda mekundu yakaingia kwenye makoti meupe ya wauguzi. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimesahau daftari. Lile la kuandika wanaoshusha barakoa, ambalo kanuni yake niliileta mimi! Mama Bosi amempa Profesa alishike. Majina kumi na moja, na juu kabisa la kwangu, limeandikwa kwa mwandiko safi: mchochezi.

Mama Bosi akaniita. Akasema kwa muda mrefu nyuma ya barakoa yake. Nikatikisa kichwa mahali palipofaa, nadhani. Kopo limebaki ofisini kwake.

Profesa alinisubiri ngazini. Alisema nini, sijui. Nikampita.

Alhamisi, 5 Juni

Mbinu mpya, tena safi. Nimepoteza sauti!

Nilijifunga skafu ya sufu shingoni, nikaweka kibao mezani: Daktari ameniagiza niipumzishe sauti, tafadhali niandikie. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mimi siwezi kusema, kwa hiyo wataniandikia, nami nitasoma. Macho yangu hayana neno.

Sasa nieleze ni kiumbe gani binadamu. Ukimwambia huna sauti, yeye ndiye anayeanza kunong'ona! Wote! Anakuja, anagonga meza kwa ncha ya kidole kama anabisha kwa mgonjwa, anainama, ananong'ona ndani ya barakoa. Mpaka saa nne karakana nzima inanong'ona, hata wao kwa wao. Dereva wa mizigo alikuja kwa kunyata. Waliosoma kibao hadi mwisho ni wawili tu. Mmoja aliandika: pole sana. Wa pili ni mpiga pasi, na mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye tope. Nikatikisa kichwa. Akabeba mkoba.

Mchana mzima siwezi hata kulalamika, maana sina sauti.

Yaliyonikuta nyumbani ndiyo makubwa zaidi. Mama mkwe alikuja kututembelea, na kwa kuwa anakohoa kidogo, amevaa barakoa. Heshima ya mkwe ni kitu kizito. Mama mkwe huwezi kumwambia arudie. Akasema jambo moja refu, nikainamisha kichwa. Akasema la pili, nikainamisha. La tatu akaliuliza, nikaweka na mkono kifuani kabisa. Akafurahi mno, akanibariki.

Amehamia. Anakaa mpaka mvua ziishe. Amepewa kile chumba kidogo ninamoandikia. Mke wangu ananitazama kwa namna ambayo haihitaji masikio. Haya nayaandikia jikoni, nimekalia ndoo iliyofunikwa.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya mahojiano. Nilijiandaa kama mtahiniwa.

Nilijua Mama Bosi atavaa barakoa. Nikajua pia kwamba maswali yake hayabadiliki tangu enzi. Siku zote ni matatu: uchelewaji, uzi unaopotea, na ugomvi wa wafanyakazi. Nikakariri majibu matatu mbele ya kioo. Nikaingia. Amekaa, dirisha liko nyuma yake, uso umekuwa kivuli kitupu. Barakoa ikapanda ikashuka. Nikatoa jibu la uchelewaji. Ikapanda ikashuka. Nikatoa la uzi. Aliinua nyusi, lakini nikaendelea hadi ugomvi, na nilimalizia kwa methali.

Kisha akasema jambo jingine refu, ambalo halikuwa kwenye mpango. Akasubiri. Nikaona huyu anauliza kama niko tayari. Nikasimama nikamjibu, ndiyo Mama, kwa moyo mmoja! Akanitazama sana. Akauliza tena kitu kifupi. Nikasema ndiyo, tena leo hii!

Akainuka akanifungulia mlango yeye mwenyewe. Bosi kukufungulia mlango! Sijawahi kuona. Nimerudi nyumbani na biskuti kwa ajili ya wote, hata mama mkwe. Mke wangu akauliza tumepata nini. Nikamwambia atulie, mambo mazuri hayataki haraka.

Jumamosi, 7 Juni

Barua imekuja. 

Mama Bosi anasema hivi. Jana aliniuliza kama ni kweli huwa nawapuuza watu wanaposema nami. Nikajibu ndiyo, kwa moyo mmoja. Akaniuliza kama basi niko radhi kuikosa nafasi hii. Nikajibu ndiyo, tena leo hii.

Ee Mungu wangu.

Barua inaendelea. Kwamba yeye amekaa akafikiri, na kwamba miaka ishirini na minne si mchezo. Anaona mambo mawili yanawezekana. La kwanza, labda sisikii. Kama sisikii, hilo si kosa wala si aibu, karakana itaninunulia vifaa vya masikio, nitavivaa, na kiti ni changu. La pili, labda nasikia vizuri. Basi kama nasikia vizuri na bado nafanya haya, hiyo ni dharau, na mtu wa dharau hawezi kuwasimamia watu kumi na sita. Kiti atapewa Profesa. Niende Jumatano nikapimwe, nimletee majibu Alhamisi.

Mke wangu akaisoma mara mbili. Alishusha pumzi, akasema Mama Bosi ni mtu mwema kuliko ninavyostahili. Mama mkwe naye akaisoma. Sasa nyumba nzima inayazungumzia masikio yangu, na wanapoyazungumzia wananigeuzia mgongo.

Jumatatu, 9 Juni

Jana sikuandika. Leo sitaki, lakini nitaandika. Daftari hili halisomwi na mtu.

Asubuhi nilipanga tabaka arobaini za kitambaa, nikawasha mashine ya kukatia. Bado nilikuwa na ile skafu. Sauti nilishaipata tangu Ijumaa, lakini mtu hawezi kupona ghafla mno, watu watashuku. Nikainama kufuata mstari. Ncha ya skafu ikaanguka mezani, ikaenda na kitambaa kuelekea kwenye wembe. Mimi naangalia mstari. Wanasema waliona wote. Wanasema walipiga kelele wote kwa pamoja, mpaka dereva akaja mbio kutoka uani. Sikusikia kitu. Nilihisi tu shingo inavutwa.

Kisha mashine ikafa. Nikageuka kwa hasira kuona nani amekata umeme. Profesa alikuwa chini sakafuni, miwani imemtoka, waya mkononi. Skafu imekatika, shibiri moja kutoka kooni kwangu.

Aliketi palepale chini. Akavua barakoa yake mbele ya watu wote, yeye mwenye daftari!  Akaniambia yote, nami nikayaona yote midomoni mwake.

Ile desturi ya kugonga meza mara mbili si desturi ya karakana. Ni yangu. Wao kwa wao wanaitana tu, kama watu wengine duniani. Aliianzisha yeye, miaka sita iliyopita, siku kengele ya moto ilipolia na wote wakatoka nje nikabaki peke yangu nakata mapazia. Mimi huwa nasimulia hadithi ile kuonyesha ushujaa! Wakakubaliana: gonga meza, simama mbele yake, penye mwanga, usizibe mdomo. Wapya wote hufundishwa siku ya kwanza, hata kabla ya kuonyeshwa choo. Na wakakubaliana wasiniambie kamwe, kwa sababu wananijua. Ndiyo maana Jumatatu iliyopita aliniuliza mara mbili kama nimefikiri. Aliona mtu anaukata mti alioukalia. Akasema kaka Mkasi, nenda ukapimwe, vaa hivyo vifaa, panda kiti chako. Yeye, akasema, kiti atakachopewa na barakoa hakitaki.

Mpiga pasi alikuwa analia. Mimi nilikwenda nyuma ya marobota. Sikulia sana.

Nyumbani nilimwomba mke wangu akae karibu yangu aniambie lolote. Akaanza kunisimulia habari za mama yake na dawa ya kikohozi. Nikafumba macho. Sauti ikaondoka. Ilibaki kama kitu kinachokokotwa chumba cha tatu. Nikafumbua, ikarudi. Nikafumba, ikaondoka. Miaka ishirini na saba ya ndoa! Nimeogopa. Kwa kweli nimeogopa sana, na nimemwambia hivyo. Akanishika mkono, akasema basi Jumatano tunaenda pamoja.

Nitakwenda nikapimwe kwa uaminifu. Nimeapa.

Jumanne, 10 Juni

Mambo yamebadilika kabisa!

Nimefika karakana nikakuta Profesa amefika kabla yangu. Amechukua ile plastiki angavu ya kufungia mashati, amekata vidirisha kumi na saba, amevishona katikati ya barakoa. Mwanzoni vilifunga ukungu, kila mtu akawa na wingu mdomoni. Nikafurahi kidogo, sitaficha. Lakini akapaka ndani tone la sabuni ya vyombo, akafuta kwa kitambaa, ukungu ukaisha. Huyu mwanamke!

Midomo! Wote wana midomo tena! Mpiga pasi kumbe ana pengo. Mama Bosi naye kavaa, amepaka na rangi. Mtu akisema, napata. Akiomba ruhusa, nasikia ameomba, nakataa. Nimekataa ruhusa sita kabla ya chai! Nilijihisi kijana.

Sasa, mtu mwenye akili hujiuliza. Jana nilikuwa sisikii. Leo nasikia kila kitu. Masikio ni yaleyale. Kilichobadilika ni nini? Barakoa! Kwa hiyo mbovu zilikuwa barakoa, wala si masikio. Ushahidi gani tena unatakiwa? Jana niliogopa bure kwa sababu nilikuwa nimepata mshtuko wa skafu. Na kuhusu kufumba macho, nani anazungumza amefumba macho?

Halafu nikafikiri juu ya vile vifaa. Msimamizi wa watu, umri wa miaka hamsini na moja, ana vitu vimening'inia masikioni! Watasema mzee. Hapana. Nitampelekea Mama Bosi cheti kisafi cha mtu mzima kamili. Hiyo dharau nitamweleza kwa mdomo.

Nilimfunulia mke wangu mpango huu. Alinishika mashavu mawili, akanigeuzia uso kwake, akasema polepole: ukifaulu, umefeli. Ukionekana unasikia, kiti ni cha Profesa. Ukionekana husikii, kiti ni chako na masikio unapewa. Alirudia mara tatu. Niliona kila neno. Nikamwambia hajawahi kufanya mitihani ya watu wakubwa. Mama mkwe akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwamkia tena.

Dereva wa mizigo alishapimwa masikio alipokuwa akitafuta leseni. Amenieleza vyote. Unaingizwa chumba kidogo chenye kioo. Unavishwa vitu masikioni. Unapewa kitufe. Kila ukisikia mlio, unabonyeza. Milio inakuja kwa nafasi nafasi. Nikamuuliza nafasi ya kiasi gani. Akasema kama ukihesabu mpaka tano hivi.

Mpaka tano. Basi tu! Watu wanaogopa kitu chepesi namna hii.

Jumatano, 11 Juni

Nimefaulu!

Mpimaji ni binti mpole, kavaa barakoa isiyo na dirisha, masikini, hawajui mambo ya kisasa. Aliandika maelekezo kwenye karatasi. Nikatabasamu, nilikuwa nayajua. Nikaingia chumbani, mlango ukafungwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, bonyeza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, bonyeza. Nidhamu ya mtu aliyekata tabaka arobaini bila kupinda mstari. Kupitia kioo nilimwona binti anainua kichwa. Akaangalia mashine yake. Akainama, akafanya fanya, akanitazama tena. Nikaona nimemshangaza. Pengine hajapata mteja mwenye masikio ya namna hii. Sikupoteza hesabu hata mara moja. Alipokuja kufungua mlango nilikuwa bado nabonyeza.

Alizungumza na mke wangu kwa muda. Mke wangu akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Furaha, nafikiri. Njia nzima aliketi upande wa dirisha akaangalia nje.

Majibu yako kwenye bahasha iliyofungwa. Haina uzito, lakini kesho nitaibeba kwa mikono miwili.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Bosi aliifungua bahasha mbele yangu na mbele ya Profesa. Akaisoma kimya. Kisha akaisoma kwa sauti, na kidirisha chake kilikuwa kisafi, sikukosa hata neno.

Majibu hayawezi kutumika. Mpimwa alibonyeza kitufe mara sitini na nne kwa nafasi zilizo sawasawa kabisa. Kati ya hizo, kumi na moja ni baada ya mashine kuzimwa.

Nilitazama viatu vyangu. Mama Bosi akasema kwamba alijiandaa kwa mtu asiyesikia, akajiandaa pia kwa mtu mwenye dharau, lakini kwa mtu anayesikia mashine iliyozimwa hakujiandaa. Hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema msimamizi ni Profesa, kuanzia mwisho wa mwezi. Nikamwomba anipe nafasi nieleze. Akasema nimekuwa nikieleza tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Basi nimekikosa. Miaka ishirini na minne. Profesa alipanda jukwaani, akakaa ukingoni tu mwa kiti. Hakukizungusha. Mimi ningekizungusha. Niliumia, na nilipoona hakizungushi niliumia zaidi.

Baadaye akaja mezani kwangu. Akagonga mara mbili. Akasimama penye mwanga, akaniambia kwamba amezungumza na Mama Bosi, kwamba kiti atakishika miezi mitatu tu, kama kwa kukilinda. Nikipimwa upya, kweli kweli, nikavaa vifaa nitakavyopewa, atashuka mwenyewe nami nitapanda. Nafasi ipo Jumatatu. Na akaniomba kitu kimoja: nikisikia nibonyeze, nisiposikia niache. Basi. Akasema kaka, safari hii usinitikisie kichwa, nijibu.

Nikamjibu kwa maneno. Nimesema nitakwenda. Nilimshika mkono, nikamshukuru kwa waya wa mashine, nikamshukuru kwa miaka sita. Nilimaanisha. Machozi yalinilengalenga, na yeye akaivua miwani akaifuta. Mtu lazima akubali kosa lake, na mimi leo nimelikubali kosa langu.

Kosa langu ni kwamba nilibonyeza kwa usawa mno. Ndilo lililoandikwa pale waziwazi: kwa nafasi zilizo sawasawa kabisa. Mtu anayesikia kikweli habonyezi kama saa ya ukutani! Hubonyeza, husita, hubonyeza haraka. Kwa hiyo Jumatatu nitahesabu tano, halafu nane, halafu tatu, halafu tisa. Nimeshauandika mpangilio wote kwenye kipande cha karatasi, na nimeanza kuukariri. Halafu nitaketi kwa upande, nimwone binti mkono wake unapozima mashine. Mara hii hawanipati.

Mama mkwe, aliyepona kikohozi, amekuja hapa jikoni akanivuta shati. Anasema mke wangu ananiita kutoka chumbani tangu saa kumi, amechoka, na chai imepoa. Nimemwambia nilikuwa nimesikia.